Pigo Moja, Vipande Viwili: Jinsi Mlio wa Ngoma Ulivyoachana na Mkono Uliopiga

Tafuta saa ya mezani iliyokufa, ile yenye alamu ya kukuamsha, au kadi ya bethidei inayoimba ukiifungua. Ifungue taratibu. Ndani utakuta kiduara chembamba cha rangi ya shaba, ukubwa wake kama sarafu, na katikati kimepakwa kitu cheupe kama chokaa. Usikitupe. Lehemu nyaya mbili, moja kwenye shaba na nyingine kwenye ule weupe, na weka rezista ya megaomu moja kati ya nyaya hizo (pigo kali linaweza kutoa volti nyingi kuliko unavyodhani, usije ukaniletea bili ya kompyuta). Kibandike kiduara chini ya ndoo ya plastiki, peleka nyaya kwenye tundu la maiki, anza kurekodi, kisha gonga ndoo. Kwenye skrini utaona mstari unaruka.

Hongera, umetengeneza triga. Ukisikiliza ulichorekodi utacheka, maana ni "tk" kavu isiyo na utamu wowote. Lakini hiyo "tk" inajua mambo mawili kwa usahihi mkubwa: umepiga wakati gani, na umepiga kwa nguvu kiasi gani. Ikishajua hayo, kompyuta inaweza kukutolea mlio wowote unaoutaka: snea iliyorekodiwa kwenye ukumbi wa mawe huko Uingereza, au msondo uliorekodiwa chini ya mwembe Kisarawe. Mlio huo uliohifadhiwa ndio maprodyuza wetu wanauita sampo.

Ngoma ya kawaida haina utengano huo. Mkono ukishuka, wakati, nguvu na mlio vinatoka kwa pamoja, na vyote ni vya aliyepiga. Nataka tufuatane tuone jinsi pigo hilo lilivyopasuliwa vipande viwili, kila kipande kikapata fundi wake, na nini kilimtokea mpigaji katikati ya mpasuko. Kama una studio ya chumbani, hata iwe laptopu moja na godoro lililoegeshwa ukutani kuzuia mwangwi, jambo hili linakuhusu.

Kuhisi pigo

Kile kiduara cha saa kinaitwa piezo, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kubana. Mwaka 1880 jijini Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie (ndiye huyu Pierre aliyekuja kumwoa Marie), walionyesha kwamba baadhi ya fuwele, kwa mfano kwatzi, zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata wakathibitisha kwamba mambo huenda kinyume pia: ukiipa fuwele umeme, nayo hujikunja. Ndiyo maana saa yako ilikuwa inapiga kelele. Kiduara kilikuwa spika, kikipewa umeme kikitetemeka. Wewe umekigeuza tu: unakitetemesha, kinakupa umeme.

Kutoka hapo hadi kwenye ngoma ilichukua muda mrefu ajabu. Mwaka 1971 Graeme Edge, mpiga dramu wa bendi ya Moody Blues ya Uingereza, alishirikiana na profesa Brian Groves wa Chuo Kikuu cha Sussex kuunda dramu za umeme, zikasikika kwenye wimbo "Procession". Mwaka 1981 kampuni ya Simmons, ya Uingereza vilevile, ikatoa SDS-V, seti ile yenye pedi za pembe sita unazoziona kwenye video nyingi za miaka ya 80. Pedi hizo zilitengenezwa kwa polikaboneti, plastiki ngumu ya aina ya zile ngao za askari wa kutuliza ghasia. Ukipiga ngao kwa fimbo usiku kucha, vifundo vya mikono vitakushtaki, na wapigaji wengi walilalamika hivyo hivyo. Afadhali ilikuja 1997, Roland ilipotoa V-Drums zenye uso wa wavu uliowambwa, zilizotengenezwa kwa ushirikiano na Remo, watengenezaji wa ngozi za dramu. Fimbo ikaanza tena kudunda kama kwenye ngoma.

Kukamata mlio

Nusu ya pili ilianza peke yake, mbali na fimbo. Mwaka 1944 jijini Cairo, mwanamuziki kijana wa Kimisri, Halim El-Dabh, aliazima mashine ya kurekodia kwenye waya wa chuma, akaenda nayo kwenye shughuli ya zaar, ile ngoma ya kupunga pepo. Akarudi na sauti alizozikamata akazichezea katika studio ya redio: akachuja, akaongeza mwangwi, akatoa kipande kipya kabisa. Vitabu vingi vya Ulaya huanzisha habari hii mwaka 1948 kwa Pierre Schaeffer na sauti zake za treni. Mimi naanzia Cairo, kwa sababu tarehe ni tarehe.

Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, Harry Chamberlin alifikiria jambo la kivivu na la busara: arekodi mpiga dramu halisi kwenye mikanda ya sumaku, aifunge mikanda hiyo iwe duara zisizo na mwisho, azitie ndani ya sanduku. Bonyeza, dramu zinapiga mpaka uchoke. Aliiita Rhythmate. Mashine iliweza kurudia, lakini ilirudia midundo mizima mizima. Hukuweza kuichomoa snea ukaiweka unapotaka. Kwa hilo ilibidi mlio ugeuzwe kuwa namba.

Mwaka 1980

Mwaka huu nitakaa nao kidogo, maana mambo yalitokea kwa kugongana.

Bendi ya Steely Dan ilikuwa studio ikirekodi albamu ya *Gaucho*. Wenyewe wawili, Walter Becker na Donald Fagen, walikuwa watu wa kutafuta ukamilifu hadi inakuwa kero. Waliwaita wapiga dramu bora kabisa mjini na bado hawakuridhika. Walitaka mdundo usiopotea hata kwa punje, lakini unaolia kama binadamu. Injinia wao, Roger Nichols, ambaye kabla ya muziki alifanya kazi kwenye mtambo wa umeme wa nyuklia, alisema inawezekana: nipeni dola 150,000 na wiki sita. Akaunda kompyuta iliyoweza kuhifadhi mapigo halisi ya dramu na kuyarudisha mahali panapotakiwa. Wakaipa jina la mtu: Wendel. Albamu ilitoka Novemba 1980, na ilipofikia mauzo ya platinamu, Wendel nayo ikapewa sahani yake ya tuzo. Likumbuke hilo la mashine kupewa tuzo. Tutalihitaji huko chini.

Mwaka huohuo mpiga gitaa mmoja wa California, Roger Linn, akaleta LM-1, mashine ya kwanza ya ngoma kuuzwa ikiwa na mapigo halisi yaliyogeuzwa namba. Ilipotoka bei yake ilikuwa karibu dola 5,000, na zilitengenezwa kama 500 tu. Mojawapo ilifika kwa Prince. Ukisikiliza "When Doves Cry" ya mwaka 1984, hiyo ndiyo LM-1.

Lakini LM-1 ilikuwa na pengo moja la ajabu: haikuwa na matoazi makubwa. Ilikuwa na haihati, ila lile toazi la kupasuka, "tshaaa", halikuwemo. Linn hakusahau. Chukua kalamu uone.

Ili kugeuza mlio kuwa namba, unapima kimo cha wimbi lake mara nyingi sana kwa sekunde. LM-1 ilipima kama mara 28,000, na kila kipimo kilichukua baiti moja. Snea hulia takriban theluthi moja ya sekunde, basi kilobaiti 9 hivi zinatosha. Toazi la kupasuka huchukua sekunde 4 kabla halijanyamaza. Zidisha 28,000 kwa 4, unapata 112,000. Toazi moja lingekula kumbukumbu ya snea 12, na mwaka 1980 chipu za kumbukumbu zilikuwa ghali mno. Fundi akachagua kinachokufa haraka. Chipu ziliposhuka bei, Linn akatoa LinnDrum mwaka 1982, kwa dola 2,995, na matoazi yakaingia. Leo sekunde 4 za stirio kwa ubora wa studio huchukua kama megabaiti moja, picha ya simu yako inaweza kuizidi, na hakuna anayefikiria mara mbili.

Na bado, mwaka huohuo wa 1980, Roland ya Japani ilitoa TR-808, isiyo na sampo hata moja. Kila mlio ulitengenezwa papo hapo na saketi. Haikuuza vizuri, ikasimamishwa 1983, mashine zikaishia madukani kwa bei ya mtumba, vijana maskini wa Marekani wakazinunua, na kiki yake ikaenea dunia nzima. Leo utaipata kama sampo kwenye karibu kila kompyuta ya prodyuza Dar es Salaam. Mashine isiyo na sampo imekuwa sampo.

Pigo linakuwa namba tatu

Mpaka hapo triga ya kampuni hii haikuelewana na mashine ya kampuni ile. Mwaka 1983 kampuni za Marekani na Japani, zikiongozwa na Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, zilikubaliana lugha moja, MIDI. Ndiyo hiyohiyo unayotumia leo kupitia waya wa USB.

Ndani ya MIDI pigo la ngoma ni namba tatu tu. Ya kwanza inasema "piga". Ya pili inasema ngoma ipi: kwa kawaida 36 ni kiki na 38 ni snea, mpangilio uliotangazwa rasmi 1991. Ya tatu ni nguvu, kuanzia 1 hadi 127. Kwenye waya wa asili wa MIDI namba hizo tatu husafiri kwa muda usiofika milisekunde moja. Basi. Mkono, bega, jasho, hasira, yote yamebanwa humo. (Mpangilio huo wa 1991 una milio 47 ya ngoma na vitu vya kugonga. Bongo zimo, konga zimo, hata filimbi ya refa imo. Msondo na chapuo hazimo.)

Ukitaka kusikia kilichodondoka njiani, fungua programu yoyote, hata ya bure kama Hydrogen, weka sampo moja ya snea, ipige mara kumi na sita mfululizo kwa kasi. Itakuja ile "tatatatata" ya bunduki. Sikio linang'amua mara moja kwamba hakuna mtu hapo. Linajuaje?

Linajua kwa sababu ngozi ya ngoma haijirudii. Ukipiga katikati kabisa, ngozi yote hupanda na kushuka pamoja, na namna nyingi za mtetemo hazipati nafasi. Sogea sentimita chache kuelekea ukingoni, namna hizo nazo zinaamka, kila moja na sauti yake. Kwa ngozi kamilifu ya mviringo, hesabu inatoa uwiano wa 1, kisha 1.59, kisha 2.14, kisha 2.30, na kuendelea. Siyo 1, 2, 3 kama uzi wa gitaa, ndiyo maana ngoma nyingi hazina noti iliyo wazi. Mkono wa binadamu haugongi sehemu ileile mara mbili. Isitoshe, pigo la pili linaikuta ngozi bado inatetemeka kutokana na la kwanza: likiikuta inapanda, mlio ni mwingine, likiikuta inashuka, ni mwingine tena. Snea inayopigwa mara kumi na sita ni snea kumi na sita.

Mafundi wa sampo walijibu kwa wingi. Badala ya pigo moja, rekodi mengi: ya polepole, ya wastani, ya nguvu, na kila ngazi uirudie mara kadhaa, halafu programu iyatoe kwa zamu ili pigo lilelile lisifuatane. Mwenyewe niliwahi kufanya hivyo kwa mzee mmoja mpigaji wa mdundiko mkoani Pwani. Nilimwomba anipe ngazi 8 za nguvu, kila moja mara 5. Mapigo 40. Lilikuwa ombi gumu kuliko nilivyotegemea, si kwa mikono yake bali kwa akili yake. Alinitazama kama nimemwomba aseme "a" mara arobaini. "Nipige nini?" aliuliza. Nikamwambia, usipige kitu, mzee, piga tu. Alicheka sana.

Chumbani kwako

Sasa ile ndoo yako. Ukiiunganisha na programu, shida nne zitakukuta, na kila moja ina fizikia yake.

Kwanza kizingiti. Triga haijui tofauti ya fimbo na lori linalopita nje. Unaiambia: chini ya kiwango hiki, kaa kimya. Ukikiweka juu sana, mapigo laini yanapotea, na mapigo laini ndiyo yanayofanya mdundo utembee. Anza chini, panda kidogo kidogo.

Pili, ndoo ikigongwa hutetemeka mara nyingi, na triga inaweza kuhesabu kila mtetemo kuwa pigo. Unaipa muda wa kuziba masikio baada ya kila pigo, tuseme milisekunde 30. Ila angalia mwendo wa muziki wako. Metali ya mapigo 200 kwa dakika, kiki zikigawanywa nne kila pigo, ni kiki 13 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 75. Singeli huenda hapo na kupita: ukifika 240, nafasi ni milisekunde 62 tu. Huko ndiko utaelewa kwa nini wapiga dramu wa metali walizikimbilia triga tangu miaka ya 80, japo mashabiki wengine mpaka leo wanasema ni udanganyifu. Kiki halisi inavuma muda mrefu kuliko nafasi iliyopo, kila moja inalalia inayofuata, unabaki na ngurumo. Sampo fupi iliyokatwa mkia inasikika moja moja. Maprodyuza wa singeli wa Manzese na Mburahati wanakata mikia ya kiki zao kwa sababu hiyohiyo, na hawakuhitaji mtu wa chuo kuwaeleza.

Tatu ni kuchelewa, na hapa watu huhangaika bure. Kompyuta hukusanya vipimo kwanza ndipo itoe sauti. Ikikusanya 256 kwa mwendo wa 44,100 kwa sekunde, inachelewa milisekunde 5.8. Sauti hewani hutembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ni sawa na kusimama mita 2 kutoka kwenye ngoma. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba ngoma iko mita 2. Ikikusanya 1,024, umesimama mita 8, na hapo mikono inaanza kubishana na masikio. Wakati wa kupiga punguza namba hiyo. Wakati wa kuchanganya wimbo ipandishe, kompyuta ipumue.

Ya nne haionekani mpaka ikuumize. Siku hizi wengi hawafuti kiki halisi, wanaichanganya na sampo. Tuseme mlio wake mzito uko hezi 60. Sampo ikichelewa milisekunde 8 hivi, wimbi moja linapanda wakati jingine linashuka, na yanafutana. Unaongeza kiki juu ya kiki, na mzito unapungua! Kuza picha ya mawimbi kwenye skrini, uyapange yaanze pamoja. Bado ni jembamba? Geuza moja juu chini usikilize tena.

Mlio ni wa nani

Sasa turudi kwa mpigaji.

Katikati ya miaka ya 1980, prodyuza Marley Marl wa New York alikuwa anatafuta kunasa sauti nyingine kutoka kwenye rekodi, mashine ikanasa snea kwa bahati mbaya. Akaibonyeza, snea ikalia. Hapo akaelewa kwamba anaweza kuchukua ngoma ya rekodi yoyote ya zamani na kuipiga upya anavyotaka. Mashine zilizofuata zilitengenezwa kwa kazi hiyo: SP-1200 ya mwaka 1987, yenye nafasi ya sekunde 10 tu za sauti, na MPC60 ya Akai mwaka 1988, iliyobuniwa na Roger Linn yuleyule. MPC3000 ya prodyuza J Dilla leo iko makumbusho ya Smithsonian mjini Washington.

Sauti zilizoingia humo zilikuwa na wenyewe. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ilirekodi "Amen, Brother" kwa ajili ya upande wa pili wa sahani. Katikati, mpiga dramu Gregory Coleman anabaki peke yake kwa sekunde zisizozidi 7. Sekunde hizo zimekatwa, zikaharakishwa, zikajenga aina nzima ya muziki Uingereza, na zimo kwenye maelfu ya nyimbo. Coleman alifariki 2006 akiwa fukara, bila kupata malipo yoyote kutokana nazo. Mwaka 2015 watu walichanga mtandaoni kama pauni 24,000, zikaenda kwa kiongozi wa bendi, Richard Spencer. Coleman alikuwa ameshazikwa.

Mwaka huohuo wa 1969, Clyde Stubblefield alipiga dramu za "Funky Drummer" ya James Brown. Mtunzi aliyeandikwa ni Brown peke yake. Sheria ilimjua aliyetunga, na mdundo ulihesabiwa kuwa kazi ya siku, ukishalipwa umelipwa. Stubblefield alipougua saratani, aliyelipa bili ya hospitali, karibu dola 90,000, alikuwa Prince, na wala hakutaka itangazwe. Mwenye LM-1 akamlipia mpiga dramu. Siwezi kuacha kulifikiria hilo, pamoja na ile sahani ya tuzo ya Wendel.

Waswahili husema mwamba ngoma huvuta ngozi kwake, na maprodyuza hatuna tofauti. Pigo likiwa kitu kimoja, ukimtaka lazima umwite mpigaji, umlishe, umlipe, uvumilie akichelewa. Pigo likiwa vipande viwili, kipande cha wakati na nguvu unacho wewe chumbani, na kipande cha mlio unacho kwenye flashi. Mtu anakuwa si lazima tena. Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtendaji, siyo mtunzi peke yake, na inazungumzia pia sanaa za jadi. Lakini sheria haiingii kwenye folda inayorushwa kwa WhatsApp saa sita usiku.

Najua, kwa sababu folda moja nilirusha mimi. Yale mapigo 40 ya mzee niliyasafisha, nikayapa namba, nikampa rafiki mmoja, naye akampa rafiki. Nilikuwa nimempa mzee soda, nauli na asante nyingi. Karibu miaka miwili baadaye niko kwenye daladala, wimbo unapigwa, nikasikia ngoma ninayoijua. Nilidhani najidanganya. Halafu likaja pigo fulani na mkiani mwake, kwa mbali, jogoo. Pigo namba 17. Jogoo wa jirani yake mzee aliwika siku ile wakati anapiga, nikaona uvivu kumfuta. Sasa alikuwa anawika kila baada ya mistari miwili, mahali palepale, ndani ya spika za daladala, na abiria wanatikisa vichwa.

Nilirudi kwa mzee na simu, nikamwekea wimbo. Aliusikiliza wote bila kusema kitu, kisha akaomba urudiwe. "Hii ngoma ni yangu," alisema, "lakini huyu si mimi. Mimi pale ningepumzika." Akauliza mpigaji ni nani. Nikamweleza kwamba hakuna mpigaji, ni kijana na kompyuta, na kwamba simjui. Akaniuliza swali nililokuwa naliogopa, la hela, na sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya ukweli wa jinsi folda ilivyotoka mikononi mwangu.

Tulichokubaliana siku hiyo kiko kwenye karatasi moja ya daftari, tumesaini wote wawili. Mafaili yote yamebadilishwa majina, namba zimetoka, jina lake limeingia, na anayetaka kuyatumia anaongea na mzee kwanza, kwa simu ya mjukuu wake. Mpaka sasa wamepiga vijana watatu. Wawili walikata alipotaja bei. Wa tatu alipanda gari akaenda na laptopu yake, wakakaa chini ya mwembe kutwa nzima, na nasikia safari hii mzee alikataa kabisa kupiga moja moja.